Jinsi nilivyojifunza kuangalia namba za wamiliki kabla ya kusakinisha programu kama root

Katika ofisi yetu ndogo kando ya Ngong Road, Nairobi, tuna seva moja ya Debian (aina ya mfumo wa Linux) inayotumiwa na watu watano, akiwemo mwanafunzi wa chuo aliyekuja kwetu kwa mafunzo ya kazini. Mimi ndiye mwenye dhamana ya seva hiyo, na kwa muda mrefu nilisakinisha programu kutoka msimbo chanzo kwa njia niliyowakuta wenzangu wakiitumia: kuingia kama root, yaani akaunti ya msimamizi yenye mamlaka yote, kufungua kifurushi ndani ya /usr/local/src, kuandika make ili kuijenga programu, kisha make install ili kuiweka mahali pake.

Asubuhi moja, baada ya kufungua kifurushi cha programu ya kuhifadhi nakala, niliandika ls -l, amri inayoorodhesha faili pamoja na wamiliki wake, na kuona jina la mwanafunzi wetu likiwa mmiliki wa kila faili. Nilishtuka, kwa kuwa faili hizo nilikuwa nimezishusha mwenyewe dakika chache tu zilizopita, na nikamwita.

“Binti yangu, umeingia kwenye saraka hii leo?”

“Hapana, Mwalimu. Hata sijui iko wapi.”

Alikuwa akisema kweli. Nilipoandika ls -ln, ambayo huonyesha namba badala ya majina, niliona 1001 kila mahali, nikaelewa. Linux haimtambui mmiliki wa faili kwa jina bali kwa namba, na Debian huwapa watumiaji wa kawaida namba kuanzia 1000. Aliyefunga kifurushi hicho alikuwa 1001 kwenye kompyuta yake, na kwetu namba hiyo ni ya binti huyu. Anapoitumia root, tar, yaani amri ya kufungua vifurushi, hurejesha wamiliki na ruhusa kama zilivyoandikwa ndani ya kifurushi. Mtumiaji wa kawaida akifungua kifurushi hichohicho, faili zote huwa zake mwenyewe.

Hatari yake si ndogo. Mwenye faili anaweza kubadilisha Makefile, faili yenye maelekezo ambayo make huyafuata, wakati wowote kabla sijaandika make install, na chochote atakachoweka humo kitatekelezwa kwa mamlaka ya root. Simtilii shaka binti huyu, lakini nenosiri lake likiibwa, mwizi angekuwa na njia ya kuitawala seva nzima. Isitoshe, baadhi ya programu hunakili faili zake kwa cp -p, ambayo huhifadhi mmiliki wa awali, kwa hiyo umiliki huo usiofaa ungehamia hadi /usr/local/bin, zinakowekwa programu zenyewe.

Wazo langu la kwanza lilikuwa kuandika chown na kuendelea na kazi. Nililiacha, kwa sababu chown hubadilisha mmiliki tu, wala haithibitishi kwamba yaliyomo hayajaguswa katika muda ambao faili zilikuwa wazi. Nilifuta kila kitu, nikakagua upya kifurushi kwa sha256sum, amri inayokokotoa alama ya utambulisho ya faili, nikailinganisha na thamani iliyotolewa na watengenezaji, kisha nikaunda saraka mpya yenye ruhusa 700 ili asiingie mtu mwingine isipokuwa root. Ndani yake nilifungua kifurushi kwa tar nikiongeza --no-same-owner na --no-same-permissions, ili isirejeshe wamiliki wala ruhusa zilizoandikwa ndani yake. Chaguo hili la pili nilikuwa sijawahi kulitumia: nilidhani umask 022, mpangilio unaoondoa ruhusa ya kuandika kwa kikundi na kwa wengine kwenye faili mpya, inatosha, kumbe root akifungua kifurushi bila chaguo hilo, tar haizingatii umask hata kidogo.

Baada ya hapo niliandika chown -R root:root pamoja na njia kamili ya saraka ya programu iliyofunguliwa humo, nikiisoma mara mbili kabla ya kubonyeza, kwa maana nafasi moja tu ikiingia katikati ya njia, amri huishukia saraka ya juu na vyote vilivyomo. Kisha, ili kurekebisha ruhusa za saraka hiyo ya ndani, chmod -R u=rwX,go=rX. Herufi X kubwa ni muhimu hapa, kwani hutoa ruhusa ya kutekeleza kwa saraka na kwa faili zilizokuwa nayo tayari, bila kuigeuza kila faili ya maandishi kuwa programu. Mwisho nilitafuta kwa find vitu vinavyoweza kuandikwa na kikundi au na watu wote, kwa -perm /022, nikiviondoa viungo (symlink, faili zinazoelekeza tu kwenye faili nyingine) kwenye hesabu kwa ! -type l, kwa sababu viungo huonyesha ruhusa zote wakati wowote na hilo halina madhara. Nikatafuta pia -perm /6000, yaani faili zinazotekelezwa kwa mamlaka ya mmiliki au kikundi chake badala ya ya anayeziendesha. Hakikupatikana chochote.

Nilimwomba binti ajaribu kufungua Makefile kutoka akaunti yake, na akazuiwa hata kuingia kwenye ile saraka ya 700. Akaniuliza kama anaweza kuona namba alizosikia nikizitaja, nikamsogezea kiti. Niliandika ls -ln mbele yake. Safu ya mmiliki na ya kikundi zote zilikuwa 0 kuanzia juu hadi chini, nami nikaandika make, kisha make install.