Siku moja kwenye fremu ya qungua: zari, joka na kiuno cha bibi harusi wa Guangdong

Saa 2 asubuhi. Karakana ya kudarizi Chaozhou, mkoa wa Guangdong, kusini mwa China. Sindano haishikwi kabla mikono haijaoshwa na kukauka kabisa, kwa sababu jasho na losheni huufanya uzi wa fedha uwe mweusi, na doa hilo halitoki. Kisha hariri nyekundu iliyowambwa kwenye fremu ya mbao hugongwa kwa kidole. Ikilia, kazi iendelee; ikibonyea, kamba za pembeni zikazwe upya. Unyevu wa usiku huilegeza. Ukidarizi juu ya kitambaa kilicholegea, siku ya kukitoa kwenye fremu kitajikunyata kuzunguka kila ua, na pasi haitasaidia kitu.

Vazi lenyewe, qungua, ni koti na sketi. Mabibi harusi wa Guangdong na Hong Kong hulivaa wanapowapa wazee chai. Zamani koti lilikuwa jeusi na sketi nyekundu. Siku hizi kwa kawaida vyote ni vyekundu.

Saa 2 na nusu. Karatasi ya mchoro hutobolewa kwa sindano kufuata mistari, hulazwa juu ya hariri, kisha hupigwapigwa kwa kifuko cha unga mweupe. Vitone vinavyobaki hupitiwa kwa brashi nyembamba kabla unga haujapeperuka. Koti bado halijakatwa. Nakshi kwanza, mkasi baadaye, maana mishono huvuta kitambaa. Asiyeacha nafasi ya ziada ya sentimita 2 au 3 pembeni ataona mabega hayafiki.

Saa 3 na nusu hadi saa 6. Hapa ndipo siku inapokwenda. Uzi wa zari ni ukanda mwembamba wa dhahabu uliozungushwa juu ya uzi wa kawaida. Ukiuvuta kupita ndani ya kitambaa huchubuka na kubaki uzi mtupu. Kwa hiyo hulazwa juu, nyuzi 2 sambamba, na kubanwa kwa uzi mwembamba kila baada ya milimita 2 au 3. Uzi wa kubana ukiwa mwekundu, dhahabu huiva. Ukiwa wa njano, hung'aa zaidi.

Mwili wa joka hujazwa pamba ili uinuke, katikati nene na kingo nyembamba. Kingo zikinenepa, zari huteleza na kuacha mwanya ambao pamba huchungulia. Kwenye kona kali, kama ncha ya ukucha, nyuzi hizo 2 hazigeuzwi pamoja: wa nje hugeuzwa kwanza kwa kibano na kubanwa mshono mmoja, ndipo wa ndani ufuate. Ukizigeuza kwa pamoja, kinatokea kinundu na ukanda wa dhahabu hupasuka.

Saa 6. Chakula, kisha usingizi mfupi. Macho nayo ni vifaa vya kazi.

Saa 8 mchana. Oda ya kisasa: koti fupi, rangi ya shampeni badala ya nyekundu, kiuno kibane. Qungua ya asili huanguka wima, haina kiuno, na ndiyo sababu mchoro wake haupunguzwi tu kwa mashine ya fotokopi. Joka hupungua, uzi haupungui. Magamba yaliyokuwa na nafasi hushikana yakawa bonge la dhahabu. Dawa ni kuchora upya: magamba machache, mawingu machache, kitambaa kipumue. Mshono wa kubana kiuno nao husogezwa ubavuni, la sivyo unamkata joka shingo. Ikishindikana, sehemu ya mshono huachwa wazi, vazi hushonwa, ndipo pengo hujazwa kwa mkono.

Mashine za kompyuta zina nafasi yake. Mawimbi ya pindo zinayafanya vizuri, lakini kichwa cha joka hutoka bapa. Binafsi nakubali vazi la mchanganyiko, mradi mteja aambiwe wazi.

Saa 10 jioni. Kupima. Bei hufuata kiasi cha nakshi: daraja la chini, *xiao wufu*, huonyesha nyekundu nyingi, la juu kabisa, *guahuang*, nyekundu karibu haionekani, na likidariziwa lote kwa mkono huchukua miezi mingi. Mteja hupigishwa magoti, si kusimama mbele ya kioo tu, kwa sababu akitoa chai atapiga magoti. Pande 2 za koti hutazamwa zikiwa zimefungwa: tofauti ya milimita 2 kati ya joka la kushoto na la kulia huonekana hata kwenye picha ya simu.

Saa 11. Mavazi ya kukodisha yanarudi yakiwa yamechubuka magotini na chini ya mikono. Zari iliyoinuka hubanwa tena. Iliyokatika hutolewa mstari mzima, maana kiraka cha dhahabu mpya katikati ya iliyofifia hujionyesha. Pasi hupigwa upande wa nyuma tu, nakshi ikiwa imelala juu ya taulo nene, bila mvuke.

Saa 12. Fremu hufunikwa kwa kitambaa cha pamba. Vazi lililokamilika hulazwa bapa na karatasi laini kati ya mikunjo. Likitundikwa, uzito wa zari huvuta mabega.