Kumbukumbu ya mradi: kinga ya tope ya gurudumu la mbele kulia, RAV4 ya 2003, Goma

Siku ya kwanza: kufungua na kuhesabu

Gari ni Toyota RAV4 ya mwaka 2003, injini ya lita 2, usukani kulia kama magari mengi yanayoingia Goma kutoka Japani. Kazi ni kubadilisha plastiki nyeusi inayofunika ndani ya madigadi ya mbele kulia. Garajini, ukisema Kifaransa, ni pare-boue; humu itaitwa kinga ya tope. Imepasuka chini upande wa mbele, pale inapokutana na parechoki (bampa), na kipande cha upana wa kiganja kimeliwa na tairi. Ya kushoto ina ufa mmoja wa sentimita 18. Hiyo itashonwa.

Kulia kunatangulia kwa sababu moja. Kwenye injini hii mkanda na puli ya chini viko upande huo, nyuma ya plastiki hiyohiyo. Mitaa mingi ya Goma imekaa juu ya lava, na kokoto tunayomwaga barabarani ni lava iliyopondwa. Punje zake zina makali na matundu, hazina ulaini wa mchanga wa mtoni. Tairi linazirusha, zinaingia kati ya mkanda na puli, na kusaga raba kama msasa. Watu hubadilisha mkanda, baada ya miezi michache wanabadilisha tena, wanalaumu muuzaji, na tundu kwenye plastiki liko palepale.

Kabla ya kugusa klipsi hata moja: osha. Maji mengi na brashi ngumu, dakika kumi nzima. Klipsi ya plastiki ina sehemu mbili, mwili na kipini cha katikati, na mchanga ukishajaa kati yao kipini hakitembei. Ukilazimisha, kichwa kinakatika na mwili unabaki tunduni. Petroli usitumie kulainisha. Maji yenye sabuni yanatosha.

Kunyanyua gari: legeza nati za gurudumu (kle, yaani spana, ya 21) gari likiwa bado chini, zungusho nusu tu. Weka jiwe au gogo mbele na nyuma ya gurudumu la nyuma kushoto. Chini ya kriki (jeki) weka ubao mnene wa sentimita 30 kwa 30, kwa maana ardhi yetu inaonekana ngumu juu lakini kokoto huteleza mara uzito unapoanza kuelemea upande mmoja. Halafu stendi ya chuma chini ya sehemu iliyoimarishwa ya bodi. Kichwa na mabega yako vitaingia ndani ya madigadi. Kriki peke yake haikubaliki, hata kwa dakika tano.

Aina za klipsi zilizokutwa ni mbili, na kila moja ina namna yake. Ya kwanza kipini chake kina ukingo mdogo: ingiza turnevisi (bisibisi) bapa ya milimita 3 chini ya ukingo, inua kipini, kisha toa mwili. Ya pili haina ukingo, uso wake ni tambarare: hii husukumwa ndani milimita 2 au 3 mpaka isikike ikilegea, kisha hutolewa nzima. Ukisukuma zaidi kipini kinadondokea ndani ya madigadi. Wengi huichokonoa ya pili kama ya kwanza, ndipo zinapovunjika.

Hesabu ya sehemu za kufungia kwenye gari hili, upande wa kulia: 12. Saba za klipsi, tatu za bulo (bolti) M6, yaani za unene wa milimita 6, zenye kichwa cha kle ya 10, mbili za skrubu zinazoingia kwenye parechoki. Zilizokutwa zikiwa za asili: 5. Za kubahatisha: 4, yaani waya mbili na skrubu mbili za mbao. Tupu kabisa: 3, zote chini mbele.

Hizo tatu ndizo zilizoiua kinga hii. Ukingo wa mbele ndio unaopokea upepo unaopita chini ya parechoki. Klipsi ya kwanza ikidondoka, plastiki inaanza kupiga. Tundu la jirani linapanuka, klipsi ya pili inatoka. Sasa plastiki inaning'inia, na siku usukani unapokatwa mpaka mwisho tairi linaikamata na kuivuta. Kwa hiyo kununua kinga mpya na kuifunga kwa waya zilezile ni kutupa pesa. Nusu ya kazi hii ni matundu.

Skrubu za mbao zinahitaji neno lake. Moja ilikuwa ya milimita 40 na ncha yake ilikuwa imesimama sentimita moja kutoka kwenye nyaya za taa. Mahali pa bulo ya milimita 16 usiweke kitu cha 40. Ukiweka ncha upande wa tairi ni mbaya zaidi.

Siku ya pili: kipande

Namba za Toyota zina mantiki inayosaidia. Kinga ya mbele ya kulia huanza na 53875, ya kushoto 53876. Tarakimu zinazofuata hutaja aina ya gari, na RAV4 ni 42. Klipsi huanza na 90467, na 07 inayofuata ni tundu la milimita 7. Namba hubanwa kwenye plastiki yenyewe, upande wa injini. Isugue kwa kitambaa, inaonekana.

Hapa pana mtego wa mji wetu. Kulia na kushoto huhesabiwa ukiwa umeketi ndani unatazama mbele. Usimwambie muuzaji «upande wa dereva»: huku tunaendesha kulia mwa barabara, magari yenye usukani kushoto na yenye usukani kulia yanapita pamoja, na dereva wa muuzaji anaweza kuwa upande mwingine na wa kwako. Sema kulia au kushoto, na taja namba.

Kilichopatikana ni kipande kilichotumika, cha gari lililofumuliwa. Vitu vya kukagua kabla ya kulipa: matundu yote 12 yawe mviringo, si mviringo uliovutwa, kikunje kwa mikono miwili, kikionyesha weupe kwenye mkunjo kimezeeka na jua, tazama ukingo unaoingia nyuma ya parechoki kama uko mzima. Hiki kilikuwa na matundu mawili yaliyopanuka hadi milimita 9. Kinakubalika.

Kupima tundu bila kifaa maalumu: tumia vichwa vya kutobolea kwa upande wa mkia wake. Wa milimita 7 ukipita na wa 8 ukikataa, klipsi ni ya 7. Ukichukua ya 8 kwa nguvu unapasua tundu, ukichukua ya 6 itatoka kwenye shimo la kwanza la barabara.

Siku ya tatu: chuma kilicho nyuma

Kinga ilipotoka, pembe ya chini nyuma, pale madigadi inapokutana na kizingiti cha mlango, ilikuwa imejaa udongo mweusi wenye unyevu. Ilitoka kilo mbili na nusu kwa mizani. Udongo huo haukauki hata kiangazi cha Julai, na chuma kilicho nyuma yake hulowa mwaka mzima. Ongeza kwamba moshi wa volkano ya Nyiragongo una dioksidi ya salfa, na mvua inayopita ndani yake hushuka na asidi. Madigadi za hapa huanza kuoza kutoka ndani, na rangi ya nje hutoa malengelenge mwishoni kabisa, wakati chuma kimekwisha.

Kwa kutu ya juujuu: brashi ya waya, msasa namba 80 halafu 180, futa, acha ikauke saa kadhaa juani, rangi ya kuzuia kutu mipako miwili. Tundu la kutolea maji lililo chini kabisa lizibuliwe kwa waya laini, lisipakwe rangi likaziba tena.

Nati tatu za bulo zilikuwa zimeoza. Zimewekwa nati za bati za umbo la U, M6, zinazochomekwa kwenye ukingo wa chuma na kubana zenyewe. Riveti zingekuwa rahisi, lakini siku ya kubadilisha balbu au mkanda itabidi kuzitoboa, na kila utoboaji unaacha chuma tupu kwa kutu.

Siku ya nne: kufunga

Vilivyotumika: klipsi 7 za milimita 7, bulo 3 za M6 za urefu wa 16, rondela (washa) pana 5 zenye kipenyo cha nje cha milimita 25, skrubu 2 fupi. Rondela mbili za ziada zilikwenda kwenye matundu yaliyopanuka, chini ya vichwa vya klipsi.

Mpangilio: ning'iniza kinga kwa klipsi ya juu kabisa, katikati ya upinde. Ingiza ukingo wa nje ndani ya mdomo wa madigadi, ukingo wa mbele nyuma ya mdomo wa parechoki. Ukiuacha mbele yake, upepo utaingia kama kwenye tanga. Angalia bomba la breki na waya wa sensa ya gurudumu visibanwe. Weka zote 12 zikiwa legevu, ndipo ukaze kuanzia juu kushuka pande zote mbili. Bulo za M6 hukazwa mpaka rondela isizunguke kwa kidole, kisha robo zungusho. Zaidi ya hapo nati ya bati inachanika uzi.

Gurudumu likarudi, nati kwa mtindo wa nyota, niutoni-mita 103 gari likiwa chini.

Jaribio: paka chokaa bega la tairi, shusha gari, wawili waketi mbele, kata usukani kulia hadi mwisho, tembea mita tano, rudi, kata kushoto. Kinga ikipata alama nyeupe, kuna mahali haijakaa. Alama ilikuwa moja, nyuma chini. Bulo moja ililegezwa, plastiki ikasukumwa ndani, ikaisha.

Tairi za gari hili ni 215/70R16, kipenyo cha milimita 707. Wapo wanaoweka 225/75R16 kwa ajili ya mawe yetu. Hizo ni milimita 744, yaani kila upande umesogea 18 kuelekea plastiki. Kwa tairi hizo jaribio la chokaa linaweza kushindwa, na kinga kukatwa.

Baada ya kilomita 50 za mitaa ya Ndosho na Katoyi: nati za gurudumu zimekaguliwa, hakuna iliyolegea. Klipsi zote 7 zipo. Mkanda ni mkavu, puli haina mchanga mpya.

Kushoto, kazi inayoendelea

Ufa umetobolewa mwishoni tundu la milimita 4 ili usiendelee. Matundu ya milimita 3 pande zote, milimita 10 kutoka ukingoni, kila baada ya 20. Yanafungwa kwa kamba nyeusi za plastiki za kubania nyaya, vichwa vikiwa upande wa injini. Nyeupe huvunjika mapema juani.

Nyuma ya ufa panawekwa kiraka cha bidoni la njano la lita 20. Gundi haishiki hapo, na kuyeyusha kwa chuma cha moto hakufai pia: kinga ina alama ya PP (polipropilini), bidoni ni PE (polietilini), na plastiki hizi mbili haziungani. Kwa hiyo kiraka kinashikwa na kamba zilezile pamoja na bulo mbili fupi za M5 zenye vichwa vya mviringo upande wa tairi. Kimekatwa tayari, pembe zimeviringishwa kwa msasa. Zimebaki klipsi nne, na nati moja ya U.