Mteremko wa Kengeleni

Usiku wa tarehe 14 Septemba 2023 nilipanga foleni ya mafuta Bombolulu, Mombasa, nikiwa na kikoi na fulana tu. Redio ilikuwa imeshasema: kuanzia saa sita petroli yapanda karibu shilingi 17, na kwa mara ya kwanza lita itavuka 200. Mafuta ya taa ndiyo yalipanda zaidi, shilingi 33, ila wenye stovu hawakuwa na foleni ya kupanga. Wao habari waliipata dukani asubuhi. Mbele yangu kijana wa bodaboda alikuwa akiilaza pikipiki yake huku na huku, tangi limeze mpaka tone la mwisho. Nikafika kwenye pampu saa sita kasoro, nikatia ya 2,000, nikarudi kulala kama mtu aliyeshinda kesi.

Kinachoudhi ni kwamba meli za mafuta zashushia hapa hapa kwetu, Kipevu. Faida yetu juu ya mtu wa Nairobi ni shilingi chache tu za lita.

Yale ya bei ya zamani yalipokwisha, nikageuka bahili. Eisi ya gari nikaizima, na joto hilo la Mombasa. Neno “jaza” likanitoka mdomoni, ikawa “weka ya mia tano”, macho kwenye mita. Nikaanza kubeba majirani wa kuchanga, akiwemo mama mmoja anayeuza mbaazi na mahamri Mwembe Tayari. Halafu dereva mmoja wa matatu akanitia ujinga: kwenye mteremko zima injini, teremka frii, hayo ni mafuta ya bure.

Nilifanya siku tatu, ikanoga. Siku ya nne, tumepita Kengeleni twashukia daraja la Nyali, nikatoa gia, nikazima, nikarudisha ufunguo, usukani usije ukajifunga. Kimya. Upepo tu. Tuktuk mbele ikasimama ghafla kuchukua abiria.

Breki ya kwanza ilishika. Ya pili ikashika nusu. Ya tatu nilikuwa nakanyaga jiwe. Usukani nao mzito, hautaki kugeuka. Nikavuta hendibreki kwa mikono miwili, gari likapiga kelele, likasimama shubiri moja nyuma ya tuktuk. Dereva wake hata hakugeuka.

Sufuria la mbaazi lilikuwa mapajani mwa mama, limefungwa kwa leso. Leso ilibaki mkononi mwake. Mbaazi zilikuwa kwenye gia, kwenye redio, kwenye buibui, na tui likichuruzika taratibu kuingia chini ya kiti.

“We mwanangu,” akasema, hata sauti hakuipandisha, “wataka kutuua kwa mafuta ya shilingi kumi?”

Akashuka, akajikung’uta, akasimamisha matatu.

Jioni nikampelekea fundi gari aangalie hendibreki. Mzee yule alicheka mpaka akaweka spana chini. “Breki yapata nguvu kwa injini, na usukani pia. Ukizima, wabaki na mguu wako. Na gari yako ni ya injekshen. Ukiwa ndani ya gia na umeinua mguu, kwenye mteremko kompyuta yakata mafuta yenyewe. Sasa wewe wazima nini?”

Nilimlipa mama sufuria zima, mbaazi na nazi zake, na hesabu ile sikuipigia mahesabu ya lita, ningelia. Harufu ya tui lililochacha ilikaa garini mpaka Novemba. Madirisha nilifungua bila kujali upepo unakula mafuta kiasi gani.

Baada ya wiki mbili alirudi kupanda, kwa sharti moja: ufunguo nisiuguse mpaka tufike Mwembe Tayari. Kila tukikaribia Kengeleni aliacha kuzungumza, akashika sufuria kwa mkono mmoja, macho kwenye mkono wangu wa kulia.