Kikantoni wiki ya 6: bado niko kwenye baat na baak

Najifunza Kikantoni, lugha ya huku Guangzhou, China. Toni, yani sauti kupanda na kushuka, leo siziongelei, leo ni irabu na zile sauti za mwisho maana ndo zimenila muda wote.

Mdomo wa Mswahili hautaki neno liishie kwenye konsonanti, ndo maana tuna basi, shati, benki, kila kitu tumekitilia i mwishoni. Sasa Kikantoni silabi kibao zinaishia p, t au k na tena hazilipuki, unafunga halafu kimya. Nane ni baat, mia ni baak, irabu moja, toni moja, tofauti iko mwishoni tu na mimi nilikuwa natamka bati na baki. Juzi hapa Guangzhou nikamwambia mama wa vitambaa baak baat, yani mia na themanini, akabonyeza kalkuleta akanionyesha 800, kwasababu 800 ni baat baak, maneno yaleyale yamegeuzwa. Iliniuma sana aisee.

Kwahiyo kila usiku nashika tishu mbele ya mdomo. Baat, ncha ya ulimi inagusa juu nyuma ya meno na inabaki hapohapo. Baak, ncha imelala chini, huku nyuma ndo kunapanda kuziba. Sap, kumi, midomo inafungwa basi. Tishu ikicheza mwishoni najua nimeachia pumzi, narudia.

Irabu nazo: saam ni tatu, sam ni moyo, gaai ni mtaa, gai ni kuku. Nilidhani ni kuvuta tu, kumbe hata mdomo wenyewe, kwenye a fupi haupanuki sana. Ile ya jyu, samaki, unasema i huku midomo umeikusanya kama unapiga mluzi, hiyo imekubali.

Kitu kimoja kimenifurahisha mno, m peke yake ni neno kamili, maana yake "si", na sisi wa mtu na mke hiyo tunayo tangu utotoni! Tano nayo ni ng' ya ng'ombe tupu, haina irabu.

Jana nimemtamkia jirani baat mara 20 na baak mara 20 nikizichanganya, yeye anaandika anachosikia. Baat kapata 17, baak 11 tu. Hiyo k ndo mbishi, kesho naanza nayo kabla ya chai.