Kipepeo wa mlimao

Dada yangu alipoposwa, bibi mzaa mama aliweka sharti moja tu: shuka la kwanza atakalotandika kwake lisitoke dukani. Ilikuwa Novemba 2007. Nilikuwa nimemaliza mtihani wa kidato cha nne, nipo nyumbani Ujiji nasubiri matokeo, na harusi ilipangwa baada ya Idi kubwa. Sindano bibi alikuwa bado anaishika vizuri, ila macho yalishaanza kumpotezea rangi. Buluu na kijani cha giza hakuweza tena kuvitofautisha. Akaniita barazani akaniambia, "Mke mwenzangu, mkono wangu, jicho lako." Hivyo ndivyo nilivyokabidhiwa kuchagua rangi.

Kitambaa alishakitafuta mwenyewe. Tetroni, kile kitambaa chenye polyesta, hakuitaka kabisa, alisema sindano inateleza na mshono ukikazwa kidogo kitambaa kinajikunja. Alinunua marekani, pamba tupu, aina ya kitambaa kilicholetwa Ujiji na misafara katika karne ya 19. Kabla ya kuchora chochote tuliifua kwa maji ya moto na kuianika juani, tukairudia tena. Marekani hurudi ikifuliwa. Ukidarizi kwanza na kufua baadaye, kitambaa kitapungua, uzi utabaki vilevile, na ua lako lote litasimama makunyanzi.

Mchoro ndio uliotuletea maneno. Dada alitaka wale vipepeo wa kwenye vitambaa vya makochi, wa waridi na buluu ya mbingu, wanaonakiliwa kwa karatasi ya kaboni nyumba hadi nyumba. Sikuwapenda. Kipepeo wa namna ile sijawahi kumwona anaruka popote, na uani kwetu tulikuwa na mlimao uliokuwa na vipepeo vyake halisi kila siku. Bibi aliwalea, naweza kusema. Viwavi wake wakiwa wachanga wanafanana na mavi ya ndege, wakikua wanageuka kijani, na ukiwagusa wanatoa pembe mbili za rangi ya chungwa zenye harufu kali. Watoto wengine wa mtaani walikuwa wanawaponda. Sisi tulikatazwa.

Asubuhi moja nilimkuta mmoja amekufa chini ya ule mlimao, bawa moja limechanika, jingine zima. Nikamtia kwenye kiberiti na kukaa naye jua la saa nne. Ukimtazama kwa mbali unasema ni mweusi na njano. Kwa karibu si hivyo. Ule weusi una ukahawia ndani yake, hasa karibu na mwili, na ile njano ni hafifu, imepauka, haifiki hata robo ya njano ya limao lililoiva. Bawa la nyuma, upande wa kuelekea mkiani, lina doa jekundu la matofali na juu yake ukingo mwembamba wa buluu. Nilipomgusa, unga ukabaki kidoleni. Rangi ya kipepeo ndiyo huo unga, ni magamba madogo mno yaliyopangwa juu ya bawa. Yakitoka, bawa linabaki kama kipande cha nailoni.

Nikaenda na kiberiti changu hadi soko la Mwanga, Kigoma mjini. Muuza nyuzi alikuwa na za bei rahisi kwenye mfuko mkubwa, na chini ya meza aliweka boksi la DMC, nyuzi za Kifaransa. Zile za mfukoni zinang'aa ukinunua, ila nyingi hazina namba, na uzi ukikuishia katikati ya bawa huwezi kuwa na uhakika wa kupata ule ule. Za DMC kila moja ina karatasi yenye namba yake na urefu wa mita 8. Nilimwomba ruhusa nitoke nazo nje. Ndani palikuwa na taa ya tyubu, na taa ile inafanya kila kahawia ionekane imekufa. Nje nilifungua kiberiti, nikalaza uzi mmoja mmoja pembeni ya bawa. Njano iliyokubali ilikuwa 745. Nyeusi, kila mdarizi anaijua, ni 310. Lakini iliyonishika ilikuwa 3371, kahawia nzito ambayo bila jua ungeiita nyeusi. Nikachukua zote mbili.

Niliporudi, mama mkubwa alikuwepo. Alipoona nyuzi nyeusi mkekani akamgeukia bibi: "Mama, nyeusi kwenye shuka la bibi harusi?"

"Na buibui ulilolivua hapo mlangoni ni la rangi gani?" bibi akamjibu.

Mimi nilikuwa na jibu langu. Juu ya kitambaa cheupe, nyeusi tupu ikijazwa sehemu kubwa inatoboa; ukisimama mlangoni unaona matundu manne badala ya mabawa manne. Kwa hiyo mabawa yangejazwa 3371, na 310 ingebaki kwenye mwili, mishipa na pembe za kichwa tu. Nilizilaza nyuzi mbili hizo kwenye marekani, nikamwomba mama mkubwa arudi nyuma hadi kwenye mlango wa jiko. Aliangalia, akasema, "Hiyo ya kushoto." Ya kushoto ilikuwa 3371.

Ua lilitusumbua zaidi kuliko kipepeo. Bibi alitaka ua la mlimao, kwa sababu ndiko nyumbani kwa kipepeo mwenyewe. Lakini ua lile ni jeupe, na jeupe juu ya jeupe linahitaji kivuli cha kijivu kuzunguka kila petali, na kijivu kikizidi ua linaonekana chafu. Waridi sikulitaka pia, ni zito, lingemmeza kipepeo. Wakati huo mikrismasi, ile miti ya maua mekundu, yote ilikuwa imewaka, na tawi lake moja likatatua kila kitu. Watu hudhani petali zote tano ni nyekundu. Nne ndiyo. Ya tano husimama juu, ni kubwa kidogo, nyeupe yenye michirizi na madoa mekundu na njano. Hiyo petali moja ilinipa ruhusa ya kurudisha ile 745 ya kipepeo ndani ya ua, na wekundu wa ua nikaurudisha kwenye doa la bawa la nyuma. Uzi ule ule pande zote mbili. Naamini mpaka leo kwamba hapo ndipo kazi yote iliposhikana: jicho likitoka kwenye ua linakuta linakokwenda.

Nyekundu haiaminiki, hata ya bei. Bibi alikata vipande vya nyuzi zote nyekundu, akavilowesha maji ya moto, akavibana kwenye kitambaa cheupe na kuvikalia huku anachambua mchele. Nyekundu mbili zilichuja, zikaacha alama ya waridi. Zikatupwa, ingawa moja ilikuwa nzuri kuliko zote.

Kwenye mishono bibi alichukua usukani. Uzi wa kudarizi una nyuzi sita ndogo ndani yake, na yeye alizigawa kulingana na kazi: tatu kwa petali, mbili kwa bawa, moja peke yake kwa mishipa na pembe. Shina lilipita kwa mshono wa bua. Petali zilijazwa satini, mishono iliyolazwa bega kwa bega, mirefu na mifupi, nyekundu nzito ndani, nyekundu yenye uchungwa nje, zikiingiliana ili mpaka usionekane. Jani la mkrismasi lina vijani vidogo vingi kupita kiasi. Tulichora matawi mawili tu, kila kijani mshono mmoja mnyoofu.

Bawa lilikuwa la kwangu. Bibi alinionyesha mara moja: anza ukingoni, sindano ielekee mwilini, kwa sababu mishipa ya bawa inaelekea huko na mwanga utateleza juu ya uzi kwa njia ile ile. Ukijaza kwa kukata upande, rangi inaweza kuwa sahihi kabisa na bado kipepeo akalala. Tena satini isizidi upana wa ukucha, maana hili ni shuka, si picha ya ukutani. Uzi mrefu utanaswa na pete, na kidole cha mguu. Pale bawa lilipokuwa pana tuliligawa kwa mshipa mweusi. Na kabla ya kugusa fremu ilikuwa lazima kunawa kwa sabuni mpaka kwenye viwiko. Nyumba inayopika kwa mawese haina masihara na kitambaa cheupe.

Foronya tulizibishania kidogo. Nilitaka vifundo vya njano katikati ya ua, vinavyoinuka kama chavua. Bibi alikataa visikae pale shavu linapolala, akasogeza mchoro wote hadi kwenye pindo, na hapo akaniachia nifunge vifundo ninavyotaka.

Siku ya kupeleka vyombo, wanawake wa upande wa bwana harusi walilikunjua shuka wakalisifu, kisha mkubwa wao akafanya nilichojua atakifanya: akaligeuza. Nyuma ndiko kunakosema ukweli, kama uzi umerukishwa kutoka ua hadi ua, kama kuna mafundo. Hakukuta fundo hata moja, kwa sababu kila mwisho wa uzi tuliupitisha chini ya mishono. Akauliza nani kadarizi. Bibi akasema, "Mimi na huyu." Yule mama akataka kujua ile nyeusi isiyo nyeusi inapatikana wapi, nikamwandikia 3371 kwenye kipande cha boksi la keki, pamoja na namba ya ile njano.