"Umekidhi vigezo": meseji za mikopo, na pa kukopa kweli ukiwa Mbeya

"Hongera! Namba yako imekidhi vigezo vya mkopo wa 500,000. Lipia bima 15,000 upokee sasa hivi." Meseji kama hii ikimkuta mtu Desemba, mahindi yameshapandwa na mbolea bado haijanunuliwa, ni rahisi kuiamini. Lakini haina hata cha kuchunguza. Mkopeshaji halali ada yake huikata kwenye mkopo wenyewe, au huiandika kwenye mkataba unaousoma kabla ya kusaini. Hakupi namba ya mtu binafsi ili umrushie hela kwanza. Ukituma hiyo 15,000 utaambiwa mfumo umegoma, ongeza 20,000 ya kufungulia akaunti, na mchezo utaendelea hivyo hivyo mpaka utakapochoka wewe. Usiwajibu. Ifowadi meseji kwenda 15040, andika namba iliyoituma utakapoombwa, halafu izuie. Kama ulishawapa namba yako ya NIDA, piga *106# uangalie laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Usiyoitambua, nenda dukani kwa mtandao husika ikafutwe.

Kadi za mkopo zenyewe huku kwetu ni za wachache, na benki huzitoa kwa mteja inayemjua kipato chake. Anayekupigia akitaka tarakimu za kadi yako "akuongezee kiwango" anataka kukuibia tu.

Programu za simu zina hila zaidi, kwa sababu hela unapewa kweli. Chukua mfano: umeomba 100,000, simuni ikaingia 70,000 kwa kuwa 30,000 imekatwa "huduma", na baada ya siku 7 unadaiwa 105,000. Umetumia 70,000 kwa wiki moja na kulipia 35,000. Hiyo ni nusu ya hela yote uliyoishika. Kanuni za Benki Kuu kwa wakopeshaji wasiopokea amana zimeweka ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa 70,000 ni 2,450. Pima mkopo kwa hela iliyoingia mkononi. Ile iliyoandikwa kwenye kioo cha simu haikusaidii kitu.

Halafu angalia programu inaomba ruhusa gani. Ikitaka majina ya simuni, picha na meseji, inajiandaa kumpigia shemeji yako na mwenyekiti wa kikundi siku utakapochelewa. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha bila kibali. Kudhalilishwa kwa njia hiyo kunaweza kushtakiwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Piga picha ya kila meseji kabla hujafuta programu, maana ukishaifuta ushahidi umekwenda nayo.

Kuhakiki si kazi ngumu. Uliza jina la kampuni lililo kwenye leseni, kwa kuwa jina la programu au la kibao cha mlangoni mara nyingi ni jingine, kisha litafute kwenye orodha iliyo kwenye tovuti ya Benki Kuu. Benki Kuu ina tawi Mbeya mjini, anayetaka kuuliza ana kwa ana anaweza. Soma herufi kwa herufi: matapeli hupenda kuazima jina la kampuni ya kweli na kubadili moja tu. Anayetaka akushikie kadi ya ATM pamoja na namba ya siri, toka ofisini kwake hata kama leseni imening'inizwa ukutani.

Swali ambalo wengi hawaliulizi ni kama riba ni ya moja kwa moja au inapungua na deni. Milioni moja kwa miezi 12, asilimia 3.5 kwa mwezi: ikiwa ya moja kwa moja, yaani inahesabiwa kwenye mkopo wote hadi mwisho, unalipa riba 420,000, rejesho kama 118,300 kila mwezi. Ikihesabiwa kwenye deni lililobaki, riba yote ni kama 242,000 na rejesho ni karibu 103,500. Asilimia ni ile ile, tofauti inakaribia 180,000. Omba jedwali la marejesho lililochapwa. Afisa mikopo akisema atakutumia baadaye, saini nayo iwe baadaye.

Kwa mkulima, tarehe ya rejesho ina uzito kuliko hata riba. Ukikopa Desemba kwa mahindi utakayovuna Juni au Julai, na rejesho la kwanza ni Januari, utalipa kwa hela ya mbolea. Viazi vya Umalila vinatoka ndani ya miezi mitatu au minne, kwa hiyo vinavumilia mkopo mfupi. Mpunga wa Mbarali hauvumilii. Dai rejesho la msimu, yaani la baada ya kuvuna, na liandikwe kwenye mkataba. SACCOS za wakulima zinaelewa lugha hiyo, ila hazikopeshi mpita njia: unaingia, unanunua hisa, unaweka akiba, ndipo unakopa kwa kadiri ya akiba yako. Kiingilio cha SACCOS ni ada ya kabla, kweli, lakini unalipa ofisini na unapewa risiti. Uliza leseni yake ya Tume ya Maendeleo ya Ushirika.

Mwenye kikundi asipite mbali na halmashauri. Asilimia 10 ya mapato ya ndani ni ya mikopo isiyo na riba: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Anzia kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata, mkiwa na katiba, akaunti ya benki ya kikundi na mradi wenye hesabu zake. Vikundi vingi hukwamia hapo kwenye hesabu, vikiandika "ufugaji wa kuku" bila idadi ya vifaranga wala bei ya chakula. Ila msitegemee hela hiyo kwa mbolea ya wiki ijayo, mchakato ni mrefu.

Mtumishi wa umma akumbuke theluthi moja ya mshahara lazima ibaki; akiahidiwa makato yanayozidi hapo, kuna ujanja.

Ukimaliza deni, chukua barua ya kumaliza mkopo siku hiyo hiyo, pamoja na hati au kadi ya pikipiki uliyoweka dhamana. Taarifa za mikopo hukaa kwenye kampuni kama Creditinfo na Dun & Bradstreet, na benki huzisoma kabla ya kukujibu. Deni lililolipwa likionekana bado liko hai, barua hiyo ndiyo utakayopeleka lisahihishwe.