Unajua Ulijifunza kwa Nani

Andiko la juma hili: 2 Timotheo 3:14–15

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe.

Paulo alipoandika barua hii alikuwa kifungoni, na alijua kwamba wakati wa kufariki kwake umefika. Mtu aliyefika hapo hana neno la kupoteza. Tazama basi anachomwambia Timotheo: "Bali wewe ukae katika mambo yale uliyofundishwa na kuhakikishwa, kwa maana unajua ni akina nani ambao ulijifunza kwao." Angeweza kusema tu, shika mafundisho kwa kuwa ni ya kweli, na ingetosha. Lakini anamtaka kijana wake akumbuke na nyuso za watu. Wawili ameshawataja katika sura ya kwanza: bibi yake Loisi na mama yake Eunike.

Nimekaa na mstari huo siku kadhaa, na umenirudisha shuleni.

Waliosoma pamoja wakikutana baada ya miaka mingi, mazungumzo hayachelewi kufika kwa walimu. Nani alikuwa mkali, nani alifundisha kipindi kizima bila kufungua kitabu, nani alijua majina ya darasa zima mpaka yule mkimya wa nyuma kabisa. Kanuni za hesabu zimeshatutoka wengi wetu, na tarehe za historia zimechanganyikana. Aliyetufundisha hajatoka. Nadhani ndivyo Mungu alivyotuumba: kweli hutuingia ikiwa imebebwa na mtu.

Mimi namkumbuka mwalimu wa hesabu. Alisahihisha madaftari kwa kalamu nyekundu kama wenzake, ila hakuwa na haraka ya kutazama jibu la mwisho. Aliifuata kazi mstari kwa mstari, akiweka vema ndogo pembeni kwa kila hatua iliyo sawa, hata akaufikia ule mstari ulioharibika. Hapo alizungushia duara, akaandika neno moja tu: "Hapa." Mwanafunzi aliyekosa swali zima alirudishiwa daftari lenye vema nne na duara moja, akajua kwamba hakuwa mjinga, alipotea mahali fulani, na mahali penyewe panaonekana. Nimewaona wenzangu waliokuwa wakilichukia somo lile wakianza kulipenda kwa sababu ya duara hilo.

Baadaye, niliposoma barua ya Bwana kwa kanisa la Efeso katika Ufunuo 2, nilimkumbuka mwalimu wangu mara moja. Bwana anaanza kwa kutaja matendo yao, taabu yao na subira yao. Hakuna kilichosahaulika. Ndipo anawaonyesha walipouacha upendo wao wa kwanza, na kuwaambia wakumbuke ni wapi walikoanguka, wakatubu. Wengi tunapokosea tunahisi kama maisha yote yamepigwa mstari mwekundu toka juu hadi chini. Sivyo Bwana anavyosahihisha.

Na masomo yenyewe je? Kila mtu ana lile alilolisubiri kwenye ratiba. Kuna aliyependa jiografia kwa ajili ya ramani, kuna wa baiolojia, kuna aliyeishi kwa mashairi. Sikubaliani na wanaosema masomo hayo ni ya dunia na hayahusiani na imani. Stefano, katika Matendo 7, anasema Musa alifundishwa hekima yote ya Wamisri. Sulemani, kwa mujibu wa 1 Wafalme 4:33, alinena habari za miti, kuanzia mwerezi ulioko Lebanoni hata hisopo umeao ukutani, na habari za wanyama, ndege, vitambaavyo na samaki. Leo tungemwita mwalimu wa sayansi. Naye Paulo, aliposimama Athene mbele ya watu wasiojua torati, alitumia maneno ya mshairi wao kwamba sisi sote tu wazao wake Mungu. Maneno hayo yamo katika utenzi wa Aratus juu ya nyota, na Aratus alitoka Soli, katika Kilikia, nchi ile ile alikozaliwa Paulo. Mstari mmoja wa ushairi ukawa daraja la Injili. Basi usilidharau somo lililokufurahisha ukiwa na miaka kumi na mitatu. Muulize Mungu aliweka furaha ile ndani yako kwa kazi gani.

Lakini mwalimu ninayetaka tumtazame kwa makini zaidi ni Gamalieli. Luka anasema alikuwa Farisayo, mwalimu wa torati, aliyeheshimiwa na watu wote. Mitume waliposhtakiwa mbele ya baraza, na wakuu wakataka kuwaua, ndiye aliyesimama. Akafundisha pale pale, kwa kutumia historia: akawakumbusha Theuda na watu wake wapata mia nne, na baada yake Yuda Mgalilaya, jinsi mambo yao yalivyotawanyika. Kisha akawashauri wawaache watu hawa, maana kazi ikiwa ya binadamu itavunjika, na ikiwa ya Mungu hawataweza kuivunja.

Mwanafunzi wake Sauli, ndiye huyu Paulo wetu, alifanya kinyume kabisa. Aliingia nyumba kwa nyumba, akawakokota wanaume na wanawake, akawatupa gerezani. Mwalimu alishauri subira, mwanafunzi akachagua minyororo. Kama wewe ni mwalimu unayesoma haya, huenda unaye kijana wako ambaye kila ulichompa anaonekana kukitupa. Soma na Matendo 22. Miaka imepita, Sauli ameshakutana na Yesu, naye amesimama kwenye madaraja ya ngome huko Yerusalemu baada ya kupigwa na umati. Katika maneno ya kwanza ya utetezi wake anasema alilelewa katika mji ule, miguuni pa Gamalieli. Neema ilikuwa imembadilisha mtu huyu toka ndani, na bado alimtaja mwalimu wake bila aibu.

Najua si wote wanaokumbuka shule kwa furaha. Wapo walioaibishwa mbele ya darasa, wapo walioambiwa hawatafika popote, na neno hilo wamelibeba mpaka leo. Sitawaambia wasahau. Yakobo 3:1 inaonya kwamba waalimu watapata hukumu kubwa zaidi, kwa hiyo Mungu hakulichukulia jambo hilo kijuujuu. Neno la mtu aliyekuwa na chaki mkononi si neno la Muumba wako. Ukiwa na jeraha la namna hii, liseme kwake kwa jina, na ikiwezekana umshirikishe ndugu mmoja unayemwamini.

Kwa wengine wetu kazi ya juma hili ni shukrani. Wakoma kumi walitakaswa, akarudi mmoja. Mtafute mwalimu wako kama yu hai. Usimwandikie tu "asante kwa yote"; mwambie jambo lenyewe: siku ile uliponirudishia daftari, lile shairi ulilotusomea, yale maombi kabla ya mtihani. Mwalimu hupanda kwa watoto wengi na mara chache huambiwa ni mbegu ipi iliyoota. Kama ameshatangulia, watafute watoto wake, maana inawezekana hawajui mzazi wao alikuwa nani darasani. Na usimsahau yule wa shule ya Jumapili. Waebrania 13:7 inatuagiza tuwakumbuke waliotuambia neno la Mungu, tuchunguze mwisho wa mwenendo wao, tuiige imani yao.

Tuombe. Ee Bwana, uliyeketi hekaluni kati ya waalimu ukiwasikiliza na kuwauliza, tunakushukuru kwa kila aliyetushika mkono tukajifunza herufi ya kwanza. Wabariki waliozeeka na waliosahauliwa. Waponye walioumizwa darasani. Wape subira walimu watakaoingia madarasani Jumatatu wakiwa wamechoka, na uwafungulie macho wamwone yule mtoto mkimya wa nyuma. Amina.